Usingizi wa Dereva ni Usalama wa Jirani

Somo kwa jamii za mipakani kuhusu watu wanaolala ndani ya magari katika maegesho

Utangulizi

Ndugu msomaji, kila jioni kiza kinapoingia, maegesho ya malori ya Kobero, ya Gatumba na ya mtaa wa viwanda wa Bujumbura hugeuka kuwa mitaa ya watu. Madereva na utingo wao huteremsha mapazia ya kabini, hupika, husali, huzungumza na jamaa zao kwa simu, kisha hulala. Wengi wao huishi hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo. Kitanda chao ni godoro jembamba nyuma ya viti. Ghala lao ni sanduku la chuma chini ya trela, ambamo hukaa sufuria, unga, dumu la maji na jiko. Anwani yao ni namba ya gari.

Katika nchi za mbali wako watu wanaochagua kuishi ndani ya magari madogo yenye kitanda na jiko, wakitembea kuona dunia na kulala maegeshoni. Hao hupita kwetu mara chache. Walio wengi kwetu huishi hivyo kwa sababu ndiyo kazi yao, na bila kazi hiyo maduka yetu yangekuwa matupu.

Mtaa huo wa usiku haumo katika daftari la mkuu wa kilima, wala hauna nyumba kumi yake. Hata hivyo una wakazi, una mali, una hatari, na una majirani, ambao ni sisi. Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kueleza jinsi usingizi wa dereva mpakani unavyogusa uhai wa watu walio mbali na mpaka;
2. kutambua hatari zinazomkabili mtu anayelala ndani ya gari;
3. kutaja wajibu wa dereva, wa wenyeji na wa polisi katika maegesho ya usiku.

1. Ni nani wanaolala maegeshoni?

Burundi haina bahari. Sehemu kubwa ya bidhaa zake kutoka ng'ambo hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri mwendo mrefu kwa barabara kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi Kabanga, mpakani. Njia hii huitwa Ukanda wa Kati. Mwaka 2006 Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia sahihi mkataba wa kuiendeleza kwa pamoja. Upande wetu wa mpaka ni Kobero. Kutoka hapo lori hupita Muyinga, hupanda nyanda za juu, kisha huteremka Bujumbura. Mengine huendelea hadi Gatumba na kuvuka kuelekea Uvira.

Kabanga na Kobero vina kituo cha huduma za pamoja mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja ili lori lisisimamishwe mara mbili. Utaratibu wa vituo vya namna hii uliwekewa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Umepunguza kusubiri, lakini haukuumaliza. Hati ikikosa mhuri, mtandao ukikatika, au mwenye mali akichelewa kulipa ushuru, dereva hulala. Aliyefika Bujumbura naye husubiri zamu ya kushusha mzigo. Tena tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kuibana nchi mwaka 2021, hata madereva wa teksi na wa mabasi madogo wamejikuta wakilala ndani ya magari yao katika foleni za vituo vya mafuta. Kwa hiyo somo hili si la wageni peke yao. Anayelala garini leo anaweza kuwa kaka yako au mume wako.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Mwaka 2020, maradhi ya COVID-19 yalipoingia Afrika Mashariki, madereva wa malori walitakiwa kupimwa mipakani. Huko Malaba, baina ya Kenya na Uganda, foleni ilifikia makumi ya kilomita, na watu walilala barabarani siku kadhaa wakingoja majibu. Katika miji mingi ya mipakani waliepukwa kama kwamba wao wenyewe ndio maradhi. Ilhali malori yao ndiyo yaliyokuwa yakileta dawa, sabuni na chakula. Jamii ikimwona dereva kuwa mtu wa kuogopwa au mtu wa kuchumwa, humnyima ujirani katika saa ambayo wote wawili wanauhitaji.

2. Kutoka Kobero hadi mteremko wa Bugarama

Bugarama iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Bujumbura, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, iko katika mita 775 hivi. Baina yake ni takriban kilomita 35 za barabara yenye kona nyingi, inayoteremka bila kupumzika. Lori linaloishuka laweza kuwa zito mno: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na mzigo wake. Katika barabara hiyohiyo wamo waendesha baiskeli waliobeba ndizi na makaa, wengine wakishikilia nyuma ya malori yanayopanda. Wamo pia wanafunzi wanaokwenda shule na kina mama wanaouza mboga kando ya lami.

Dereva anayeteremka hapo anahitaji mambo mawili: breki nzima na akili iliyoamka. Akichelewa kuingiza gia ndogo, atategemea breki za miguu peke yake. Zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Usingizi ndio unaomfanya mtu achelewe. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 16 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 3 tu, gari limekwenda mita 50 bila mtu wa kuliongoza. Katika barabara ya Bugarama, mita 50 ni kona nzima.

Tafiti za usalama barabarani zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hupungukiwa na wepesi wa mwili na akili sawa na mtu aliyekunywa pombe kufikia kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva. Mwili wenyewe una saa zake za udhaifu: baina ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena mchana baada ya chakula. Kahawa, muziki na kufungua dirisha huchelewesha usingizi kwa dakika chache tu. Havilipi deni lake. Dawa ya usingizi ni kulala.

Kwa sababu hiyo nchi nyingine zimeuwekea usingizi wa dereva sheria. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa lori hupumzika angalau dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kwa kawaida haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku. Mwaka 2020 sheria hiyo ilieleza waziwazi kwamba pumziko refu la wiki, lile la saa 45, lisifanyike ndani ya gari. Dereva wa kwetu hana kinga kama hiyo. Kinga yake ya usiku ni mahali alipoegesha na watu waliomzunguka.

Basi tulipime jambo hili, ndugu msomaji. Kijana anayenyonya dizeli katika tangi la lori huko Kobero saa tisa za usiku anadhani amemwibia tajiri wa mbali lita 20. Kumbe amemwibia dereva usingizi. Dereva huyo atakesha akilinda tangi lake, na kesho ataiteremka Bugarama macho yakimwelemea. Atakayelipa gharama ya lita zile anaweza kuwa mtoto wa vijiji vya karibu na Bujumbura ambaye hajawahi kuiona Kobero.

3. Mambo yanayomnyima dereva usingizi

Wizi ndio wa kwanza. Huibwa mafuta, betri, gurudumu la akiba, taa, turubai, na mara nyingine mzigo wenyewe. Lakiri ya forodha ni jambo la kuangaliwa zaidi. Ikikatwa, hata kama hakikuibwa kitu, dereva huingia katika mashaka makubwa, maana yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Watoto wanaochezea lakiri kwa utani hawajui kwamba wanaweza kumfungisha mtu.

Pili ni watu wanaojifanya askari. Hugonga mlango usiku, hudai hati, kisha hudai fedha. Hapa polisi hawana budi kusema kweli: askari halali anayedai fedha bila risiti humwandalia njia yule wa bandia, kwa kuwa dereva hawezi tena kuwatofautisha. Faini hulipwa kwa utaratibu wa sheria na kwa risiti. Askari wa doria huvaa sare, hujitambulisha, na hutoa kitambulisho akiombwa. Dereva anayeuliza, "Afande, naomba kuona kitambulisho chako," hajamvunjia mtu heshima.

Tatu ni kelele na pombe. Baa iliyo ukutani mwa maegesho huleta fedha kijijini, lakini ikipiga muziki hadi alfajiri humpeleka barabarani dereva asiyelala, au dereva mlevi. Mwenye baa aliye jirani na maegesho ana sehemu yake katika usalama wa barabara.

Nne ni kukosa mahali halali pa kuegesha. Hili linaonekana dogo, lakini limewahi kuibadili sheria ya nchi kubwa. Mnamo Machi 2009 dereva Mmarekani aliyeitwa Jason Rivenburg aliwahi kufika karibu na mahali pa kushusha mzigo wake wa maziwa, akaambiwa hawezi kupokelewa kabla ya wakati. Alipokosa maegesho salama, aliegesha katika kituo cha mafuta kilichokwisha kuachwa, jimboni South Carolina. Jambazi alimpiga risasi humo na kumwua, akapata dola 7. Mjane wake hakunyamaza. Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha kipengele cha sheria kinachojulikana kama Sheria ya Jason, ili maegesho salama ya malori yahesabiwe kuwa sehemu ya barabara, kama vile madaraja na alama. Fundisho lake kwetu ni jepesi kulishika: dereva aliyefukuzwa penye mwanga huenda kulala gizani, na gizani ndiko anakongojewa.

4. Hatari zilizomo ndani ya gari

Si kila adui hutoka nje. Nyanda za juu za Burundi zina baridi usiku, hasa katika miezi ya kiangazi, na dereva aliyezoea joto la pwani hutamani moto. Wako wanaoingiza jiko la makaa ndani ya kabini na kufunga madirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimwashi mtu macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa hewa huku mtu akivuta pumzi kama kawaida. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo dereva aliyechoka hudhani ni uchovu tu. Akilala, haamki.

Kanuni ni moja na haina msamaha: jiko la makaa haliingii kabini, hata dirisha likiwa wazi, hata likiwa limebaki na majivu mekundu tu. Kwa baridi, tumia blanketi la pili na soksi. Ukimwona jirani wa maegesho ameingiza jiko, mgongee mlango. Ukimkuta mtu amezimia, fungua milango yote, mtoe nje apate hewa safi, kisha tafuta msaada wa kituo cha afya upesi.

Hatari ya pili ni mafuta ya akiba. Katika miaka hii ya uhaba, watu wengi huhifadhi petroli katika madumu na chupa, na wengine huyaweka chini ya kitanda ili yasiibwe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, hujikusanya, na hungoja cheche ya kiberiti, ya sigara au ya jiko. Mtu aliyelala juu ya dumu la petroli amelala juu ya moto usiowashwa bado. Wauzaji wa mafuta ya magendo wanaopita maegeshoni usiku na chupa zao huuza hatari hiyo pamoja na mafuta.

Hatari ya tatu ni kulala chini ya trela ili kupata upepo. Utingo wengi hufanya hivyo katika joto la Bujumbura na Gatumba. Gari likisogezwa gizani bila kukaguliwa, hakuna sauti itakayowahi. Kabla ya kuwasha gari, dereva alizunguke akiwa na tochi, aangalie chini, na amwite utingo wake kwa jina hadi aitike.

5. Hatari zilizomo katika mahali

Upande wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia. Dereva aliyevuka Kobero jioni hubadili upande akiwa macho, lakini alfajiri, akiamka ghafla na kutoka maegeshoni, mikono yake hufuata mazoea. Mlinzi wa maegesho aweza kumwokoa kwa maneno mawili tu langoni: "Shika kulia." Tena gari lililotengenezwa kwa nchi za kushoto likiegeshwa ukingoni mwa barabara yetu, mlango wa dereva hufunguka upande wa majani, na mlango wa utingo hufunguka upande wa magari yapitayo. Utingo asishuke kabla ya kutazama nyuma.

Saa. Saa ya Burundi iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa ni saa kumi na mbili asubuhi Kobero, ni saa moja Kabanga. Dereva asiyerekebisha saa yake huamka kabla ya wakati, hukosa saa nzima ya usingizi, na hukaa langoni akisinzia juu ya usukani.

Maji. Gatumba iko katika bonde la mto Rusizi, karibu na ziwa. Mwaka 2020 mto ulifurika na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao, na mwaka 2024 kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika kulileta tena mafuriko makubwa huko. Katika masika, asiyeijua ardhi hiyo asichague pa kulala kwa kutazama ukavu wa jioni. Awaulize wenyeji, nao wamweleze bila kudai chochote. Lori lisiegeshwe katika mabonde, kando ya mifereji, wala chini ya kingo za udongo.

Wanyama. Viboko wa Rusizi na wa ziwani hutoka majini usiku kula majani, na huonekana hata kandokando ya Bujumbura. Ni wazito, wana mbio, na humshambulia mtu anayewazibia njia ya kurudi majini. Mtu aliyelala garini karibu na ufuko asishuke gizani kwenda haja au kuoga ziwani. Hii ni sababu mojawapo ya kuhakikisha kwamba kila maegesho yana choo na maji ndani ya uzio.

6. Wajibu wa kila mmoja

Dereva na utingo

Fika kabla ya kiza, ili uione sura ya mahali na watu wake. Egesha penye mwanga na penye magari mengine. Gari moja pekee huwavuta wezi. Kaza breki ya mkono na weka kabari za magurudumu. Piga picha ya lakiri ukifika, na uitazame tena kabla ya kuondoka. Weka leseni, pasipoti, hati za forodha na Kadi ya Njano ya bima ya COMESA mahali pamoja, palipofichika. Usitangaze mzigo wako wala njia yako mbele ya watu usiowajua. Mjulishe mwajiri au jamaa mahali ulipolala. Chukua taka zako, na usimwage oili chafu ardhini, kwa kuwa maji ya mvua huishia ziwani ambako Bujumbura huchota maji yake.

Wenyeji

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maegesho yaliyopangwa vizuri ni riziki ya kijiji: yupo anayeuza chai, anayefua nguo, anayeziba pancha, anayelinda. Kila kilima chenye maegesho kingefanya vema kuwa na daftari la usiku: namba ya gari, saa ya kuingia na ya kutoka, na jina la mlinzi wa zamu. Ada iwe moja kwa wote, ijulikane, na itolewe risiti. Ugomvi mdogo wa deni la chakula au wa mahali pa kuegesha wapelekewe wazee, bashingantahe, mapema, kabla haujawa ugomvi wa visu. Yaliyo makubwa yaletwe polisi.

Watoto wana kifungu chao. Mtoto aliye chini ya miaka 18 asiuze bidhaa maegeshoni baada ya jua kutua, wala asiingie kabini kwa sababu yoyote ile. Mzazi asimkabidhi dereva mtoto ampeleke ng'ambo kwa ahadi ya kazi au ya shule, hata dereva huyo akiwa anafahamika. Wanaosafirisha watoto kwa hila hutumia njia zilezile zinazoleta bidhaa. Dereva anayeombwa kumchukua mtoto asiye na mzazi na asiye na hati atoe taarifa. Akinyamaza, ataulizwa na sheria.

Polisi

Askari wa doria apite maegeshoni kwa saa zisizotabirika, aongee na mlinzi, aangalie daftari, na asiwaamshe waliolala pasipo sababu ya kisheria. Ukaguzi wa hati usio wa dharura ungoje asubuhi. Mahali paliporipotiwa wizi papatiwe jibu, hata kama mwizi hakupatikana, kwa kuwa raia asiyejibiwa huacha kuripoti. Kamati mseto za usalama, ambamo raia, utawala na polisi hukaa meza moja, ndizo mahali pa kuleta mambo haya. Katika vilima vya mpakani zimwalike pia mwakilishi wa madereva na wa walinzi wa maegesho.

7. Tukio la kujadili

Tukio hili limetungwa kwa ajili ya somo. Ni saa nane usiku katika maegesho madogo karibu na mpaka. Mama muuza uji anayeamka mapema anaona vijana wawili wakizunguka lori wakiwa na mpira na dumu. Mmoja anamfahamu: ni mtoto wa dada yake. Mlinzi amesinzia. Dereva amelala. Mama anajua kwamba akipiga kelele, vijana watakimbia, nao watamjua aliyewafichua. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu.

Jadilini katika vikundi vya watu watano au sita:

1. Mama huyu ana njia gani za kuchukua hatua bila kuhatarisha maisha yake? Taja angalau tatu.
2. Undugu wake na kijana unabadili nini, na haubadili nini?
3. Mlinzi, mwenye maegesho na polisi wangefanya nini mapema ili mama asibaki peke yake na uamuzi huo?
4. Mkimfuata dereva huyu katika safari yake ya kesho, ni watu gani njiani ambao uamuzi wa mama unawahusu?
5. Katika kilima chenu, madereva hulala wapi? Je, pana mwanga, choo, maji na mlinzi? Ni kipi kinachoweza kupatikana mwezi huu bila kungoja fedha kutoka nje?

Kiongozi wa mjadala asiharakishe kutoa jibu la swali la kwanza. Ajue tu kwamba kumwamsha mlinzi, kumpigia simu mkuu wa nyumba kumi, au kwenda kwa mzee wa familia asubuhi hiyohiyo ni njia zilizo wazi, na kwamba polisi hupokea taarifa bila kumtaja aliyeileta. Kijana aliyezuiwa mapema na shangazi au mama yake mdogo huokoka na kesi kubwa zaidi.

Muhtasari

Mtu anayelala ndani ya gari ni mkazi wa kilima chetu kwa usiku mmoja. Anastahili kulindwa kama mkazi, na anapaswa kuzifuata kanuni zetu kama mkazi. Usingizi wake ukivunjwa mpakani, hasara huteremka pamoja naye hadi mjini. Maegesho yenye taa, choo, mlinzi na daftari hayahitaji utajiri. Yanahitaji wenyeji waliokubaliana.

Kazi ya nyumbani: kabla ya kikao kijacho cha kamati ya usalama, kila kikundi kitembelee maegesho ya kilima chake mara moja jioni, kizungumze na madereva watatu, na kilete orodha ya mambo mawili waliyoyalalamikia na jambo moja walilolisifu. Orodha hizo zisomwe mbele ya wote, askari wakiwapo.